Mama Carmelina Pinto, Mkazi wa Crescent Town na wa Bramley Row

Baba Paroko, majirani wa Crescent Town, ndugu mliotoka Etobicoke na Scarborough, na ninyi mliopanda ndege kuja kumsindikiza, nimesimama hapa kwa niaba ya familia, mimi Aikande, mke wa Keith, na ninasoma kwa Kiswahili kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza hivyo, akisema Kiingereza chake ni cha kazini na cha televisheni, lakini lugha yake ya kugombana na kupatana ni hii. Wajukuu watasikia nusu, na hiyo nusu wataijibu kwa Kiingereza, tumeshazoea.

Mama Carmelina alizaliwa Tanga tarehe 14 Agosti 1947, mtoto wa kwanza wa marehemu Kaitan D'Mello, fundi cherehani, na marehemu Mama Rosalina, na mdogo wake wa pekee, mama mdogo Filomena, aliyeketi pale mbele, akamfuata mwaka 1951. Alisoma kwa masista hukohuko Tanga kuanzia mwaka 1954, akamaliza sekondari Dar es Salaam mwaka 1965, na Januari 1966 akaajiriwa katika ofisi za reli Tanga akiwa mpiga taipu, kazi aliyoifanya huku akiwasahihisha wakubwa wake bila kuombwa. Tarehe 26 Desemba 1971 alifunga ndoa na Domnic Pinto, karani wa forodha, mtu mpole wa maneno machache, na Mama alihitaji mtu wa namna hiyo, na Mungu akawajalia watoto wawili, Keith aliyezaliwa Tanga mwaka 1973, na Crystal, wifi yangu, aliyezaliwa hapa Toronto mwaka 1978.

Walifika Toronto tarehe 3 Novemba 1975, wakapanga Crescent Town, na Mama alikuwa akitusimulia kwamba kilichomtesa si baridi, maana koti lipo, ila ni lifti, kwa sababu watu walisimama mle bega kwa bega na hakuna aliyemuuliza mwenzake ameamkaje. Ijumaa moja ya Januari 1976, mumewe akiwa kazini, aliwasha televisheni akakuta tamthilia ya Kiingereza iitwayo Bramley Row, mtaa mmoja tu wa nyumba zilizobanana, na mwanamke aitwaye Marjorie amesimama mlangoni pa mgahawa wake akimsema jirani aliyeazima ngazi asiirudishe, na kabla kipindi hakijaisha wawili hao wameshapatana na wanakunywa chai. Mama akasema hawa ndio majirani zangu, na tangu siku hiyo, kwa karibu miaka hamsini, aliishi mitaa miwili. Alifanya kazi katika ofisi ya bima kuanzia mwaka 1977 hadi alipostaafu mwaka 2012, na wenzake wa ofisini mliopo hapa mnajua kwamba siku ya Ijumaa hakuna aliyethubutu kumbakisha baada ya saa za kazi.

Mimi nilipofika kutoka Moshi mwaka 2004, bi harusi mpya, nilidhani mama mkwe atanifundisha kupika nyama ya Kigoa, ya asili ya ukoo wao, kumbe alinikalisha kwenye kochi akanieleza ukoo mzima wa Bramley Row, nani mtoto wa nani na nani hasemi na nani, na ole wangu nichanganye majina. Filomena anaishi Uingereza, na huko kipindi hutangulia, zamani kwa miezi, siku hizi kwa majuma mawili, kwa hiyo kila Jumapili walipopigiana simu mdogo mtu alikuwa anajua nani amekufa na nani ameposwa, na Mama akamwekea sheria ambayo sote tuliikariri, kwamba kisichofika hapa hakijatokea, usiniambie, nitaona mwenyewe.

Msidhani alikuwa anawasifu tu. Aliwalalamikia waandishi wa tamthilia hiyo kama mtu anavyowalalamikia ndugu zake, alisema wamekimaliza kizazi cha wazee kama kipindupindu, kila sikukuu ya Krismasi lazima nyumba ilipuke, na mtaa mdogo vile, wauaji wamezidi waoka mikate. Hoki ya barafuni ilipoahirisha kipindi, alipiga simu kituo cha televisheni mwenyewe, akaongea na yeyote aliyepokea, kwa adabu lakini kwa kirefu. Ila aliwavumilia kwa tumaini moja, kwamba siku moja watamrudisha Glenda, binti wa Marjorie, aliyeondoka na sanduku moja mwaka 1998 baada ya ugomvi na mama yake, na ambaye kila Krismasi Marjorie alimwekea sahani mezani.

Lazima niseme habari ya misa, maana wengi wenu mmekuwa mkiisubiri. Februari 2011 Cuthbert, muoka mikate wa Bramley Row, alifariki katika tamthilia, na Mama kwa uchungu akatoa nia ya misa, na Jumapili paroko wa wakati huo akatangaza tuiombee roho ya marehemu Cuthbert wa familia ya Pinto. Alasiri ile watu wakaanza kuja na masufuria, Kulsumbai wa ghorofa ya chini, ambaye ni Ismailia na habari aliipata kwenye lifti, akaja na pilau, na Mzee Eustache, aliyekuwa amehamia kutoka Bukavu na hakumjua mtu, akaja na maharage, na baba mkwe wangu Domnic akasimama mlangoni akipokea pole kwa ajili ya mtu ambaye hakumpenda hata kidogo. Mama aliwaambia ukweli wakiwa wameshashiba. Kulsumbai alicheka mpaka akashikwa na kwikwi, Mzee Eustache akauliza kama huyo Cuthbert aliacha watoto, akajibiwa kwamba aliwaacha, akarudi Ijumaa kuwaona kwenye televisheni, na hivyo ndivyo watu hao wawili walivyoingia kwenye kochi lile wasitoke tena, Mama akiwatafsiria. Domnic alipofariki tarehe 9 Mei 2016, ni wao waliohakikisha Mama halali na njaa, na kwa hilo familia haina la kuwalipa.

Moyo ulianza kumsumbua Februari mwaka huu, 2025, akalazwa tarehe 30 Septemba, na Filomena akaja kutoka Uingereza tarehe 5 Oktoba. Siku hizo waandishi walikuwa wanadokeza kwamba kuna mtu anarudi Bramley Row. Ijumaa iliyopita, tarehe 10, wauguzi walituruhusu tuwashe televisheni, Kulsumbai upande mmoja wa kitanda na Mzee Eustache upande wa pili, na kipindi kikaisha mlango wa Marjorie ukigongwa, naye anaujongelea kuufungua. Daktari alikuwa ameshatuambia mchana ule kwamba hatafika juma lingine, na Mama mwenyewe alijua.

Keith akaja na kompyuta, kipindi kinachofuata kilikuwa kimeshaonyeshwa Uingereza, akamsihi mama yake aangalie, na mimi nikamwambia Filomena amnong'oneze tu jina, sheria gani tena hiyo, nilikuwa nimekasirika na nilikuwa nalia. Mama akakataa. Akasema dada Kulsumbai na Mzee Eustache hawajakiona, na hawezi kuwatangulia wenzake. Kisha akamwamuru Filomena ahamishe kiti akae nyuma ya kichwa cha kitanda, kwa sababu uso wa Filomena haujui kunyamaza, na Filomena akahama, akamshika mkono kwa huko nyuma, na hivyo ndivyo walivyokaa mpaka Mama alipotutoka asubuhi ya Jumamosi, tarehe 11 Oktoba 2025, akiwa na miaka sabini na minane. Ameacha watoto wawili, wajukuu watatu na mdogo wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani, wafanyakazi wenzake wa bima, Baba Paroko na wanakwaya, na hata wale waandishi, Mungu awasamehe kwa milipuko, kwa sababu walimpa mama yetu majirani wakati hakuwa na hata mmoja. Leo ni Ijumaa. Kipindi ni saa moja na nusu jioni, nyumbani kwake, mnakaribishwa wote, chakula kipo, na Keith amepiga simu kituoni asubuhi kuhakikisha hakuna hoki. Mliotoka Uingereza, tafadhali, kaeni nyuma.

Mama, safari hii wewe ndiye uliyetangulia, na ya mbele sasa unayajua. Usituambie, tutakuja kuona wenyewe. Pumzika, mama yetu, amani iwe nawe.