Umeamkaje, Mwalimu?

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Jamani, mbona mmeitika kichovu kuliko mimi? Bwana asifiwe! Haya, asanteni.

Mimi ni Mwalimu Upendo, wa shule ya msingi hapa Kitahana. Msicheke. Nina miaka thelathini na sita, naitwa Upendo, na upendo wenyewe nimeutafuta Dar es Salaam mpaka soli zikaisha. Nilichoka, ndugu zangu. Nilichoka mwili, nikachoka na roho.

Kule mjini watu wanajuana kwenye simu. Wiki ya kwanza anakuita malkia. Ya pili yuko bize. Ya tatu unaona tiki za bluu tu: kasoma, hajajibu, kala kona. Mmoja alifika mpaka kwa mama yangu, akala pilau, akaomba aongezewe, kumbe ana mke na watoto wawili Mbagala! Basi naanza upya na mwingine: unaitwa nani, unakaa wapi, unapenda chakula gani. Kama usaili usio na ajira.

Wa mwisho alikuwa Deo. Miaka mitatu namuuliza, sisi ni nani? Ananijibu, "Tusipeane presha, mrembo." Serikali iliponipanga huku Kibondo akasema mapenzi ya mbali hayawezi, nikimtaka nirudi. Hakusema nikirudi atanioa. Nami kwa ujinga wangu nikaandika barua ya kuacha kazi. Ajira niliyoisotea miaka sita! Nikaiweka ndani ya Biblia, ili Jumatatu niipeleke kwa mwalimu mkuu.

Sasa jirani yangu ni Mama Yoramu, huyo pale mwenye kitenge cha njano. Nyinyi Waha mnajua mnavyosalimia. Kila asubuhi nikitoka anaweka jembe chini, anapiga makofi taratibu, "Mwakeye, mwalimu." Halafu umeamkaje, umelalaje, mgongo je, kwenu wazima? Nami mtu wa Dar, macho kwenye simu, "Poa, mama," nimeshapita. Nilidhani ananitania! Kumbe kila siku nilimwacha amesimama, salamu haijaisha.

Jumatatu ile nikapita na Biblia kwapani. Akaniuliza umeamkaje, nikasema poa.

"Mwalimu," akasema, "hiyo poa umenipa tangu Januari. Mimi nauliza umeamkaje." Akasubiri.

Ndugu zangu, nililia palepale njiani, watoto wa darasa langu wakinipita! Nikamwambia sijalala. Nikamwambia na mengine yote, jua likapanda, shamba lake la maharage likamngoja. Wala hakunishauri kitu. Alikuwa ananisalimia tu.

Mapumziko ya saa nne nikampigia Deo. Nikamwambia, niulize nimeamkaje. Akacheka. "Si uko poa? Nitakucheki baadaye." Akakata. Miaka mitatu! Nikaenda nyuma ya choo cha walimu, nikasema, Bwana, nitoe kwenye kifungo hiki, mimi mwenyewe siwezi. Nikaichana ile barua. Namba yake nikaifuta.

Mnangoja niseme nimepata mchumba? Sina. Jana nimekula ugali peke yangu, na upweke bado unauma. Lakini siku hizi simu ikilia sikurupuki, na usingizi ninaupata. Kwa hilo namshukuru Mungu, aliyenifungua bila hata kunibadilishia chumba! Na wewe binti, na wewe kijana unayechungulia simu chini ya benchi, nakuona, mtumaini Bwana. Yeye akikuuliza hali, hakati simu.

Mama Yoramu, simama kidogo, mama yangu. Mwakeye. Niulize tena mbele ya watu hawa. Leo sina haraka.