Mama Theonest na Furushi la Ijumaa

Alhamisi hii, tarehe 30 Juni 1994, Bi. Felicitas Kokushubila anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kutunza nyasi. Hapa kituoni hakuna anayemwita hivyo isipokuwa mhasibu. Sisi tunamwita Mama Theonest. Nafasi yake haitajazwa kwa kuwa imefutwa, na sitajifanya kwamba naandika haya kwa moyo mkunjufu. Nina huzuni, na nadhani nanyi mnayo.

Alizaliwa Bukoba mwaka 1939, katika nyumba ambayo sakafu yake ilitandikwa nyasi mbichi, na yeye ndiye aliyetumwa kuzikata. Mwaka 1962 aliajiriwa hapa Kawe, kwenye chumba cha mimea mikavu cha kituo chetu cha malisho. Alipokea nyasi zilizotoka porini, akazikausha ndani ya magazeti, akazibandika kwenye karatasi ngumu, akaziandikia vibandiko na kuzilaza katika makabati tuliyochongewa na mafundi wa Keko. Zimo karatasi zaidi ya elfu kumi na moja, na nyingi zimepita mikononi mwake.

Wengi mnaukumbuka mtihani wake. Mfanyakazi mpya hufumba macho, hupewa bua, akalizungusha kati ya vidole. Mimi, Bupe, nilifika mwaka 1987 na cheti changu kipya, nikazungusha, nikatangaza kwa sauti kubwa kwamba ni nyasi. "Zungusha tena, mwanangu," aliniambia. "Nyasi inateleza. Hiyo ina kona tatu, inakwama. Hiyo ni ndago, jirani tu." Tangu siku hiyo tumekaa meza moja kwa miaka saba.

Wanafunzi walipotutembelea, alianza na walichokula asubuhi. Uji wa ulezi ni nyasi, ugali ni nyasi, wali ni nyasi, hata sukari, maana muwa ni nyasi iliyonenepa. Akawaeleza kwamba nyasi zilichelewa kuja duniani, zikakuta misitu imeshazeeka. Zikaenea kwa sababu jani lake hukua kutokea chini, hivyo mbuzi akila ncha, linaendelea. Maua yake hayana rangi kwa kuwa hayana haja ya kumwita nyuki, upepo unayatosha. Kisha aliwaonyesha ndugu wa mbali: mafunjo, ndago, na nanasi. Hija, anayeuza matunda getini, hajakubali mpaka leo. "Mama, nanasi ndugu yake ukoka? Basi na mie ndugu yake mbuzi!"

Sheria yake moja ilitutesa sana. Rejista ya kupokelea mafurushi ilifungwa Ijumaa saa sita mchana. Ukichelewa, Jumatatu, hata uwe mkurugenzi. Kila furushi liliandikwa tarehe, likatiwa sahihi ya mpokeaji na ya shahidi, na tarehe haikuguswa tena. Alisema tarehe moja ya uongo inazitia shaka karatasi zote.

Aliyebishana naye zaidi ni marehemu Mzee Sadallah Mbwana, mkusanyaji wetu, ambaye mwandiko wake ulikuwa kama kuku kapita na wino miguuni. Ijumaa ya tarehe 8 Novemba 1991 alirudi kutoka Rufiji saa nane mchana, homa inampanda, furushi begani.

"Jumatatu, Mzee Sadallah," Mama Theonest alimwambia bila kuinua macho.

"Haya, Mama Theonest. Jumatatu." Akaliweka mlangoni, akaenda zake.

Jumapili alfajiri alifariki.

Jumatatu hiyo Mama Theonest alilibadilishia furushi magazeti, na kesho yake, na keshokutwa, mpaka nyasi zikakauka. Kisha akalipandisha juu ya kabati. Kwa miaka miwili na nusu alilitilia dawa ya nondo tu. Hakulibandika, hakuliandika kwenye rejista, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Mwezi wa tano ikaja barua. Jengo linakabidhiwa kwa mwekezaji, makabati yanahamishiwa bara, na kisichobandikwa na kuandikishwa kitachomwa. Alisoma mara mbili, akavua miwani. "Bupe, nishushie lile furushi."

Zilikuwa sampuli thelathini na nane. Tulizibandika kwa wiki tatu, huku akiyasoma maandishi ya Mzee Sadallah na kumgombeza kama vile yupo. Ya mwisho ilikuwa nyasi nyembamba isiyozidi shubiri. Katika daftari, mahali pa jina, Mzee Sadallah alikuwa ameandika: "Mwulize Mama Theonest."

Alishika ukingo wa meza, akalia, na mimi nikalia. Halafu akachukua lenzi. Siku nne alifungua kabati moja baada ya jingine akitafuta inayofanana nayo, asiione. Kwenye kibandiko aliandika: "Nimeulizwa. Bado sijui." Itasafiri hivyo hivyo, na atakayeijua huko iendako atukumbuke.

Kisha akafungua rejista. Mahali pa tarehe ya kupokelewa, mama huyu ambaye hajawahi kumwonea mtu haya katika jambo hilo aliandika: Ijumaa, 8 Novemba 1991. Akanisogezea kalamu, nami nikatia sahihi ya shahidi. Ninalisema hapa kwa ruhusa yake. Mkubwa anayetaka kutuandikia karipio afanye haraka, maana mwezi wa nane hapatakuwa na mtu wa kulipokea.

Mama Theonest, asante kwa vidole vyetu ulivyovifundisha, na kwa ukali wako tulioulalamikia tukiwa tunauhitaji. Nenda salama Kipawa kwa wajukuu. Mungu akupe miaka mingi, yenye afya na utulivu. Na Jumatatu ikifika, mama yetu, usidamke. Lile furushi limeshapokelewa.