Marseli Tluway, Aliyepima Maji ya Kaskazini

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya ukoo nasoma maisha ya ndugu yetu Marseli, tunayemwombea leo, tarehe 14 Januari 1984, bila jeneza mbele yetu.

Marseli alizaliwa Bagara tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Tluway na Mama Natalia aliyekaa hapa mbele, ambaye alimkataza kuogelea ziwani kwa hofu ya viboko, naye akatii, na utii ule ndio unaomtafuna mama huyu moyo, ingawa wenzake wa kazini wametuandikia kwamba kwa baridi ya bahari ile iliyomchukua hata mwogeleaji hodari hafiki mbali.

Alisoma shule ya msingi hapa Babati, akamaliza kidato cha sita Arusha mwaka 1971, akahitimu fizikia Dar es Salaam mwaka 1975, na Agosti 1977 akaenda Norway kusomea bahari, nasi tukamtania kwamba mtoto wa wafugaji kaenda kuchunga maji. Kazi yake ilikuwa kushusha vyombo vya kupima mkondo katika bahari ya barafu, vimefungwa kwenye kamba ndefu yenye chuma kizito chini na maboya juu, vikaachwa humo mwaka mzima vikipima maji yanaelekea wapi na kwa kasi gani, kisha meli ikarudi kuviopoa.

Alifunga ndoa na Bernadina tarehe 30 Desemba 1978 alipokuja likizo, wakajaliwa Domina, na sasa Kornel, ambaye baba yake hakuwahi kumpakata.

Hakuugua. Tarehe 9 Septemba 1983, wakiopoa vyombo, kamba ilimnasa mguu ikamvuta majini, wakamtafuta wasimpate. Tulitaka mmoja wetu aende huko, fedha za kigeni hazikupatikana, hata basi la Arusha lilikuwa limelala kwa kukosa dizeli.

Mama Natalia aliuliza jambo moja tu, kwamba watu wanaojua maji yanakokwenda wanashindwaje kusema yamempeleka wapi mwanawe. Tuliwaandikia, wakajibu kwa heshima kwamba maji yale huzama, yakaelekea kusini polepole, miaka na miaka, na zaidi ya hapo hawajui. Kusini ndiko tuliko sisi, mama amelishika neno hilo, na hakuna kati yetu, hata padre, aliyethubutu kumnyang'anya.

Tunawashukuru madaktari waliomhudumia mama presha ilipompanda, majirani wa Bagara na Maisaka mliokuja na unga na kuni wakati huu ambao hata sukari haionekani madukani, na wenzake wa melini.

Vijana walichimba kaburi jana, tulikusudia kuzika koti lake badala ya mwili, lakini Mama Natalia ameomba kaburi lisifukiwe, nasi tumeshindwa kumkatalia. Marseli, pumzika kwa amani huko maji yalikokufikisha, nyumbani tumekuachia kaburi wazi.