Uyoga wa Gogo Lenye Utomvu

Sikilizeni wanangu, mushindo ule wa usiku wa manane haukuwa bombe la vita, ni muti ulioanguka bondeni, basi acheni kulia, musogee, Concilie ushike mutoto, maana maneno ni mengi na nguvu zangu ni kidogo. Homa hii ya uzazi hainiachi, na njia ya hospitali ya Lemera imejaa askari; minye sitoki tena porini humu.

Shamba la Luvungi ni la ukoo wa baba yenu, waliyemuua mwaka huu wa sitini na nne. Baba mdogo Norbert atalishika. Minye nawaachia magogo. Muti ukianguka, mvua mbili tatu zipite, ganda libanduke, ndipo uyoga unatoka. Muchume, mudogo muuache, na gogo musilifanye kuni, mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Lakini kwanza muulize: gogo hili lilikuwa muti gani? Uyoga wa muti wa sumu unaua. Minye sikuuliza. Miaka minne sekondari kwa masista, nikajua mito yote ya Ubelgiji, ila muti wenye utomvu unaochoma macho sikuutambua ukiwa umelala bila majani. Nyanya yenu Agathe akasema, “Weye musomi, umeuliza Sidonie?” Nikaona haya kuuliza jirani yetu wa humu porini, mwanamke asiyejua kuandika jina lake. Nikachuma, nikapika. Nyanya akala wa kwanza, ninyi mulikuwa mumelala, minye uchungu wa kuzaa ukanishika, sikuonja. Alfajiri akafa. Watu wakasema Sidonie ametia sumu, kwa kuwa chumvi ilitoka kwake, wakamufukuza ng'ambo ya kijito, na minye, kwa woga, nikanyamaza wiki tatu.

Ndiyo maana nimemwita, huyu hapa. Kesho, mbele ya Norbert na wote, museme: mama ndiye alipika uyoga mubaya. Kisha mumufuate Sidonie, hakuna anayejua magogo kumupita. Mumuite mama. Mungu awakuze, chungu chenu kisikose cha kupika.

Sidonie, mbona unatikisa kichwa? Sema kwa nguvu, masikio yanaziba... Norbert atawafukuza? Ndiyo, watoto wa muuaji, nani atawapa hata moto... Lakini jina lako, dada. Watakuita mulozi mpaka uzeeni... Unasema wamekwisha kukuita, na ungali unakula.

Concilie, mupe Sidonie mutoto. Sidonie, rudia hicho kiapo cha siri, polepole. Na ninyi, semeni naye... Ndiyo. Hamutamwambia muntu mwingine nani alipika.