Kabati la Mlinzi

Basi la asubuhi lilipoondoka, fundi cherehani alifungua mkate wake ale kwa amani, lakini kiti cha mbele yake kilikuwa na maneno.

"Daktari kanikataza kula usiku," mlinzi wa ghala, rungu lake bado mapajani, alimwambia mama aliyekaa naye. "Mke wangu kalivalia njuga jambo hili. Nikitoka jioni kwenda lindoni, anatia kufuli kabati la jikoni. Nikirudi asubuhi, anafungua."

"Anafunga wakati wewe mwenyewe hupo?"

"Si ndio usiku wenyewe, dada?"

"Na ukirudi?"

"Nakula nashiba, nalala. Mbona sasa tumbo halipungui?"

Fundi nusura apaliwe.

"Kaka yangu, usiku wako ndio huu!" Mama alionyesha jua dirishani. "Acha kula asubuhi."

"Nile lini basi? Mchana nimelala, asubuhi unanikataza wewe."

"Kula huko huko lindoni."

"Lindoni ni usiku, dada! Daktari je?"

Mama akahesabu saa vidoleni, akaanza upya. Fundi naye alijaribu kulitatua fumbo hilo, mawazo yakasokotana kama uzi kwenye cherehani mbovu.

Basi likasimama. Mlinzi akanyanyuka mbiombio, maana kabati lilikuwa limeshafunguliwa. "Haya, usiku mwema," akawaaga, akashuka, jua likimpiga utosini.

"Na wewe pia, ulale salama," mama akajibu, kisha akashtuka.

Fundi akautazama mkate wake. Akaurudisha mfukoni. Akautoa tena.