Sauti Ilifika Kabla ya Mdomo

Waliokuwa kwenye benchi nje ya duka la Zubair, hapo Sindo, ni Omanga mpandisha antena, aitwaye Waya; Cephas, aitwaye Hewani tangu apige simu redioni mara moja; Zubair mwenyewe, fundi wa TV; na Nyatichi, na mtoto wake Kerosi mgongoni. Waya alimwachia Nyatichi upande wenye kivuli. Kompyuta kuukuu ilikaa juu ya kreti ya soda, birika la kahawa pembeni. Ndani ya kompyuta hiyo, programu ya bure ya kurekodi TV ilikuwa imehifadhi wimbo ambao Nyamoita, mama yake Nyatichi, aliuongoza na kwaya ya Kehancha kabla ya kupasuliwa koo. Tangu hapo hunong'ona tu. Kerosi hakuwahi kusikia sauti ya nyanya yake. Sasa rekodi ilikuwa inakwama, inaruka, sauti ikitangulia mdomo.

— Ni upepo wa ziwa, Waya alisema. Ulipiga antena, picha zikaingia zimekunjamana.

— Upepo gani, omera, ndugu yangu? Hewani alimjibu. Ni yule ndege korongo. Alilala kwa antena, akawa anameza picha moja moja.

— Anameza picha anaacha sauti?

— Sauti haina nyama.

Nyatichi alicheka, ingawa hakutaka.

— Ama kompyuta imekuwa Msabato, Hewani aliendelea. Kwaya ilirekodiwa Jumamosi. Inakataa kazi ya Sabato.

— Leo ni Jumanne.

— Kwani yenyewe inajua?

Waya aliteremsha sauti.

— Mama Kerosi, nakuambia kama ndugu. Hiyo imeharibika. Ifutwe tu, usiendelee kuumia roho.

Zubair alikuwa ameshika mausi. Hakubonyeza. Alimtazama Nyatichi, akangoja, na Nyatichi aliona vile alivyongoja. Nyatichi alikuwa karibu kukubali ifutwe.

Hapo akafika Asmaa, dada yake Zubair, kutoka Kosele, mkoba begani. Alisalimia, akasikiliza kidogo.

— Kilichoharibika ni rekodi, ama ni kuicheza?

Hewani alitazama ndani ya kikombe chake.

— Mmeijaribu kwa kompyuta nyingine? Asmaa aliuliza.

Asmaa alitoa laptop yake, Zubair akahamisha wimbo kwa flashi. Nyamoita akatokea, mdomo na sauti pamoja.

— Rekodi ni nzima, Zubair alisema. Ni programu yangu inashindwa kuicheza.

Programu hiyo haina tajiri anayeiuza. Anayeona kasoro huirekebisha, akawaachia wengine. Zubair alitafuta mtandaoni, akakuta mtu wa mbali aliyesumbuliwa na jambo lilo hilo: programu ilisafisha kila picha mara mbili, kompyuta kuukuu ikachoka, picha zikabaki nyuma. Mtu huyo alikuwa ameandika ni mstari gani wa programu wa kubadilisha. Zubair aliubadilisha, akaiwasha programu upya.

Nyatichi alimfikiria mtu huyo, ambaye hata Sindo haijui.

Kisha mama yake akaimba kwenye ile kompyuta kuukuu, toka ubeti wa kwanza mpaka mwisho, bila kukwama. Wauza dagaa wa omena ng'ambo ya barabara waligeuka. Waya alisimama, akavua kofia. Kerosi alinyoosha mkono, akagusa kioo.

— Si nilisema, Hewani alisema.

— Ulisema korongo.

— Nilisema shida ni picha.

Waya alitaka kuwamiminia wote kahawa, lakini birika lilikuwa tupu.

Jumapili Nyamoita alikuja kutoka Kehancha, akaitazama rekodi yote, akanong'ona kwamba safu ya pili ya kwaya walichelewa kuingia. Ni kweli, walichelewa.