Pikapu Niliyotaka Kuilaza Chini

Ndugu zangu, Bwana wetu apewe sifa! Yeye aliyenitoa mbali, apewe tena!

Wengi mnanijua. Kwa wasionijua, nilikulia Ngara, upande wa Tanzania, nikarudi Rwanda na begi moja na diploma ya ufundi wa magari. Sikuwa na mjomba ofisini. Nyumba ya Masaka, hapa Kigali, nimeijenga mwenyewe, pikapu nimeinunua mwenyewe, na diploma ipo ukutani sebuleni. Mgeni anaiona kabla hajaniona mimi. Siombi radhi kwa hayo. Mungu ndiye aliyenipa hii mikono.

Sasa sikilizeni nilivyochanganyikiwa.

Siku moja pale Sonatubes mjini niliona pikapu iliyoshushwa. Tumbo lake karibu liguse lami! Rimu zinang'aa, inapita taratibu, watu wote wanageuka. Moyo wangu ukasema: hiyo ndiyo gari ya mtu aliyeanza na begi moja. Nikanunua daftari. Nikapanga kuishusha yangu kwa gharama ndogo, kwa mikono yangu, bila kumuuliza mtu. Nimuulize nani, na diploma ninayo?

Mpango wa kwanza ulikuwa kukata springi za mbele. Wa pili, kutozikata bali kuzibadilisha. Wa tatu sikuuelewa hata mimi niliyeuchora. Nikanunua rimu pana za bei nafuu, nikazileta nyumbani kwa furaha, nikakuta zina matundu matano. Pikapu yangu ina bolti sita kila gurudumu! Nikahesabu mara tatu, nikidhani labda shetani ananificha tundu moja. Kila asubuhi nililiombea daftari lile, na kila jioni nikafuta nilichoandika.

Wakati huo pikapu iko juu ya matofali, springi zimelala uani, na pikapu hiyo ndiyo iliyokuwa ikibeba ndizi za mke wangu. Mama Keza hununua mikungu kwa wakulima wa Masaka na kuipeleka kwenye maduka ya Sonatubes. Sasa akawa anaipeleka miwili miwili kwa pikipiki. Mteja wake mkubwa akamwambia: Ijumaa nisipoona mzigo kamili, natafuta mwingine. Aliponieleza hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Papa Keza, daftari litabeba ndizi?"

Nikakasirika. Ilikuwa Jumatano, nikaamua kumaliza siku hiyo hiyo. Mpango wa saba ulisema nihamishie ekseli ya nyuma juu ya springi, gari lishuke mara moja. Ekseli ingekaribia chasisi, basi nikate chasisi kidogo ipate nafasi. Nikaweka alama kwa chaki. Nikawasha mashine ya kukatia chuma, nikasema, "Bwana, ongoza mkono wangu." Ikazimika!

Ndugu zangu, umeme ulikuwa umeisha kwenye mita. Hadi leo sijui kama ni Mungu aliyeuzima au ni mimi niliyesahau kuununua. Nimeliombea jambo hilo, sijapata jibu. Lakini katika ukimya ule nilimsikia motari, yule dereva wa pikipiki, nje ya geti: "Mama, pikipiki yangu unaifanya shamba?" Mke wangu akamjibu, "Funga kamba, sha! Mdomo wako ni mzito kuliko ndizi." Akacheka, lakini kicheko kile nilikijua. Kilikuwa kimechoka. Nikaiweka mashine chini.

Kesho yake nilikwenda Gatsata kwenye magereji, daftari kwapani. Kwa mara ya kwanza tangu nirudi, nilimwambia mtu, "Nisaidie, sielewi." Alikuwa fundi wa springi, mzee asiye na diploma hata moja. Akapitia kurasa zote polepole, kisha akaniangalia. "Mwalimu wa daftari, hii gari yako inabeba nini?"

"Ndizi za mke wangu," nikamjibu. Mipango saba, na vipimo vyote nilivichukua gari likiwa tupu! Hakuna ukurasa wenye hata mkungu mmoja. Akanieleza, bila kunicheka sana, kwamba nikikata pale kisha nikapakia, kwenye makorongo ya Masaka chasisi itakunjika. "Na mama watoto si anakaa humo ndani?"

Mama Keza yuko ndani! Hilo sikulichora.

Mchana huo huo tulikuja naye Masaka, tukazirudisha springi kama zilivyokuwa. Ijumaa ndizi zilifika Sonatubes, mzigo kamili, mke wangu ameketi kando yangu akinielekeza njia ninayoijua. Asante Yesu!

Sitawadanganya kwamba nimeelewa kila kitu. Bado nikiona pikapu iliyoshushwa, shingo inageuka yenyewe. Nilitakaje kitu kile hata nikamwacha mke wangu barabarani na mikungu? Sijui. Mungu anajua. Lakini wewe uliyechanganyikiwa leo na unaona aibu kuuliza, Yesu hakuchoka na mimi, hatachoka nawe. Mwite! Kisha inuka, kamuulize aliye karibu nawe, hata kama hana cheti. Mimi niliuliza, na mke wangu yuko hai, yule pale mstari wa tatu. Mama Keza, simama wakuone!